Maziwa ya Mugie Sinywi

Jumatano jioni nilipewa siku tatu. Kuntai, baba mdogo wa mume wangu, alinisubiri kwa geti nikitoka kazini. Akaniambia familia itaketi Jumamosi na mimi nije na jibu moja: niache kazi ya maabara, ama Nelson atafutiwe mke mwingine wa kumzalia. Aliongea kwa upole kabisa, mkono mmoja kwa mfuko, kama mtu anayekukumbusha kufungia mbuzi. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali, lakini yeye alienda zake akiwa ameridhika.

Mimi naitwa Zipporah. Nimeolewa hapa nje ya Isinya miaka mitano sasa, na katika mitatu ya mwisho nimepoteza mimba tatu. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano, ya pili ikiwa na mitano na siku kadhaa, ya tatu sitaki kuizungumzia. Nayasema haya mapema usije ukafikiri nilikuwa napigania mshahara tu. Nilimtaka mtoto kuliko Kuntai atakavyowahi kumtaka. Kazi yangu pia niliitaka, na sijaona mahali imeandikwa kwamba lazima nichague.

Nafanya kazi kwa maabara ndogo ya kibinafsi huko Kitengela, upande wa Noonkopir, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Natoa watu damu. Napima malaria, taifodi, sukari, ujauzito. Sasa Kuntai alikuwa na elimu yake juu ya hiyo kazi: eti mwanamke akishinda akishika damu za watu, hizo damu zinamfuata nyumbani na kufukuza ile ya mtoto. Aliyemfundisha hayo simjui. Aliyasema kanisani baada ya ibada, akayasema mnadani, akayatuma kwa kikundi cha familia cha WhatsApp pamoja na ile picha ya mikono inayoomba, na kufikia hiyo Jumatano yalikuwa yameshakuwa ukweli.

Hapo ndipo hasira yangu inaanzia, wacha niseme wazi. Kuntai huyo huyo anauza mbuzi kwa simu. Mvua anaiangalia kwa simu. Ako na sola kwa paa na pampu ya kisima anayowasha akiwa bado kitandani. Juzi juzi tu alipasuliwa mtoto wa jicho, na leo anasoma Biblia bila miwani. Hakuna siku nimemsikia akiuliza hiyo sayansi ilipitia damu ya nani. Ikimletea kitu ni baraka, ikimuuliza swali ni laana. Watu husema sisi wafugaji tunaogopa mambo mapya, na huo ni uongo, mambo mapya tunayapenda sana. Kitu tunaogopa ni majibu.

Lakini siwezi kusimulia haya bila kukueleza habari ya Mugie.

Siku nililetwa hapa nikiwa bibi harusi, nilisimama nje ya boma nikakataa kuingia, vile bibi harusi hukataa mpaka aahidiwe mifugo. Baba mkwe, mzee Parsaoti, akanipa mtamba mwenye mimba, wa rangi ya kahawia, ndiye Mugie. Na kwetu Wamaasai mtu akikupa mnyama, mnaacha kuitana majina yenu. Mnaitana kwa huyo mnyama. Ukipewa kondoo mtaitana Pakerr. Ukipewa mtamba, mtaitana Paashe. Tangu siku hiyo mzee hajawahi kuniita Zipporah. Ananiita Paashe na mimi namwita Paashe, na hapa nyumbani hakuna mwingine ananiita hivyo.

Mzee ni mtu wa maneno machache. Mimba ya kwanza ilipotoka, wengine waliuliza nilikula nini, nilimkosea nani, nilivuka nini barabarani. Yeye alikuja mpaka mlangoni, nikainamisha kichwa akanigusa, akaniambia, "Paashe, kunywa maziwa upate nguvu." Basi. Tangu hapo Yeyo, mama mkwe wangu, akawa ananiwekea kila asubuhi kibuyu kizima cha maziwa ya Mugie. Maziwa ya kibuyu hayachemshwi. Ya chai ndiyo yanachemshwa, lakini haya ukiyachemsha umeyaua, Yeyo husema. Yanalala usiku mmoja ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa oloirien, yanaamka na harufu ya moshi. Nilikuwa nayanywa nikiwa nimesimama, nikingoja bodaboda. Mimi mwenye cheti ukutani! Nilijua vizuri sana vitu vinavyoweza kuishi ndani ya maziwa mabichi. Niliyanywa kwa sababu yalikuwa matamu, na kwa sababu kila asubuhi yaliniambia kwamba hapa napendwa.

Alhamisi, siku moja baada ya maneno ya Kuntai, aliletwa pale maabara mwanamume mmoja anayechunga ng'ombe. Homa inakuja inaenda, jasho shuka zima, magoti yanauma. Mwenzangu Ciku, dada ambaye mdomo wake hauna breki, alimpima akapata brusela, ile homa watu hupata kutoka kwa ng'ombe. Mimi nilikuwa kwa meza ya pili nikiandika lebo, nikamsikia Ciku akimuuliza maswali ya kawaida. Unakunywa maziwa bila kuchemsha? Kuna ng'ombe wako aliyetupa ndama? Ulimshika huyo ndama na mikono mitupu? Mke wako naye, amewahi kupoteza mimba? Kila swali yule baba alijibu ndiyo. Na mimi pale kwa meza yangu, kimyakimya, nikajikuta najibu ndiyo pia.

Kwa sababu Mugie alitupa ndama. Ni miaka mitatu imepita. Kondo lake la nyuma lilikwama, na kwa vile ni ng'ombe wangu, ni mimi niliyeingiza mkono kulitoa. Pakiti ya glavu ilikuwa kwa mkoba wangu, mkoba umetundikwa mlangoni, hatua kumi kutoka pale niliposimama. Sikuzifuata. Baba mkwe alikuwa amesimama hapo akiangalia, na mimi niliona haya kumvalia glavu ng'ombe aliyenipa jina. Niliona ni kama kusalimia mgeni kisha unapangusa mkono mbele yake. Baadaye Mugie alizaa vizuri, na hakuna mtu aliyemfikiria tena. Mimba zangu zote tatu zilikuja baada ya hapo. Hilo kosa ni langu na sijamwomba mtu anisaidie kulibeba.

Nikakunja mkono wa sweta, nikamwambia Ciku anitoe damu. Alicheka, akauliza kama nimebeba nyingine na sijamwambia.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Unaacha damu itulie mpaka itengane, unachukua tone la yale maji ya juu, unaliweka kwa kigae cheupe pamoja na tone la dawa ya rangi ya waridi. Unakoroga, unatikisa kigae kwa dakika nne. Kama hakuna kitu, rangi inabaki laini. Kama kipo, inashikana vipande vipande, vile maziwa yakiharibika hukatika ndani ya chai. Yangu hata haikungoja dakika nne. Ciku aliacha kucheka. Nilienda kwa sinki nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuita mgonjwa aliyefuata.

Jioni Ciku alinisindikiza mpaka stejini. Akaniambia kitu ambacho nilikijua lakini nilihitaji kukisikia, kwamba kuna dawa, ni wiki sita, na watu wanapona na wanazaa. Halafu akasema, "Kwa hivyo haukurogwa. Ulinyweshwa."

Ijumaa alfajiri nilimleta bomani Mumo, daktari wa mifugo wa hapo Isinya. Mzee alikuwa tayari ameamka. Nilimweleza kwamba nataka damu kidogo ya Mugie, nijue kitu. Akasema ni ng'ombe wako, chukua. Nikaomba na wengine watatu ambao waliwahi kutupa ndama. Akakubali pia, lakini nilipotaka kuandika moja, mbili, tatu, nne kwa zile chupa ndogo, alinishika mkono. Hapa kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Unawajua, unamwona aliyekosekana kabla hajaulizwa, lakini kuwapa namba ni kuita kifo. Sikubishana. Niliandika Mugie, Nado, Arus na Keri, na zile lebo zilisomeka vizuri kuliko zote nimewahi kuandika. Kuna desturi haziui mtu, na hizo mimi sina shida nazo hata kidogo.

Tukazipima kwa kigae, mimi na Mumo, na Mugie akashikana. Arus akashikana. Wale wengine wawili walikuwa safi. Mumo alituma damu nyingine kwa maabara kubwa ya mifugo Nairobi ili ithibitishwe, lakini uso wake ulikuwa umeshanijibu.

Usiku huo nilimwambia Nelson. Mume wangu anaendesha boza, lori la kuuza maji, ni mtu mzuri, na uzuri wake ndio shida yake, hataki mtu yeyote akasirike. Alinishika, akalia na mimi. Halafu akaniuliza kama siwezi kumnong'onezea Kuntai pembeni, tusimwaibishe mbele ya watu, na pengine nipumzike kazi miezi michache mpaka maneno yapoe. Nikamwambia mficha uchi hazai. Nikamwambia pia kwamba Jumatatu naye atatoa damu, na hapo hakuna kuomba ruhusa ya mtu.

Jumamosi wakaja. Viti vya plastiki vilipangwa kando ya tangi la maji, kwa kivuli cha nyumba ya mabati. Wazee sita, wanawake upande wao, Kuntai katikati na Biblia kwa goti. Aliomba, akaomba tena ndani ya ombi, akanitaja kwa jina mbele za Mungu kama kesi ambayo tayari imeamuliwa. Halafu Yeyo akaleta kibuyu, kwa sababu kikao cha amani huanza na maziwa, na mimi ndiye nilitakiwa kunywa kwanza. Kibuyu kilikuwa kile changu. Maziwa yalikuwa ya Mugie.

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakiweka chini.

"Maziwa ya Mugie sinywi," nikasema. "Na yeyote aliye hapa, nawaomba msiyanywe mpaka yachemke."

Kukataa maziwa ya mtu ni kumwambia hamjuani. Kuyakataa maziwa ya ng'ombe wa jina lako, mbele ya aliyekupa, hilo hata neno lake sijui kama lipo. Nelson aliangalia viatu vyake. Nikaendelea kabla sijaishiwa nguvu. Niliwaeleza kuhusu ndama, kondo la nyuma, kipimo, Mugie na Arus. Nikawaambia hii kazi mnayosema ilifukuza watoto wangu ndiyo imenionyesha nani aliwafukuza.

Kuntai alijibu kwa utaratibu wa mtu anayejua ameshinda. Alisema sasa mmeona, ametoka kwa damu ya watu ameingia kwa damu ya ng'ombe. Alisema mababu zetu walikunywa haya maziwa na sisi tuko hapa. Akamalizia kwa methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Baba, mimi nimevunjika mara tatu," nikamwambia, "na mara zote tatu nilikuwa nasikia."

Wanawake wakaguna. Sasa mzee Parsaoti aliinua macho, na hakuniuliza kuhusu ugonjwa wala dawa. Aliuliza, taratibu, "Huyu ng'ombe akienda, nitakuita nani?"

Kwa Kuntai nilikuja na majibu kumi, kwa mzee sikuwa na hata moja. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Nilimwambia heri anikose jina kuliko nimpe mjukuu wa nne wa kuzika. Alipangusa uso na mkono wake mzima, kuanzia paji mpaka kidevu.

Hapo ndipo Yeyo aliinuka kutoka upande wa wanawake. Mama huyu, kwa miaka yote mitano, sijawahi kumsikia akiongea kwa kikao cha wanaume. Alitembea na lile goti lake linalouma kila baridi ikija, akaketi kwa kiti mbele yangu, akavuta shanga zake juu ya mkono.

"Nipime mimi," akasema.

Kuntai alianza kusema jambo kuhusu heshima. Yeyo hakugeuka kumwangalia.

"Kabla ya Nelson nilipoteza watatu," akasema. "Wakasema ni mdomo wa mama yangu ulinilaani. Nilirudishwa kwetu nikamwombe anitemee mate ya baraka. Akanitemea akilia, kwa sababu hakuwa amenilaani. Amekufa akiwa na hilo neno juu yake. Pima."

Wueh. Mikono yangu, ambayo hutoa damu ya watu arobaini kwa siku, ilikosa mshipa mara ya kwanza. Mara ya pili nikaupata. Na sasa ikabidi tungoje, kwa sababu damu haiharakishwi, inatengana kwa wakati wake. Niliisimamisha ile chupa ndogo kwa kikombe, kivulini. Ilichukua zaidi ya saa moja. Kuntai alihubiri kwa dakika ishirini, akaona watu wanaangalia kikombe, akapunguza sauti, mwishowe akanyamaza. Hakuna aliyeondoka. Hakuna pia aliyegusa kile kibuyu.

Nilileta kigae, dawa na zile chupa za Ijumaa kwa kikasha cha barafu. Niliweka matone matatu, la Nado aliye safi, la Mugie, na la Yeyo. Nikaongeza dawa, nikakoroga kila moja na kijiti chake, nikawaambia wakaribie waone kwa macho yao, wasiniamini mimi. Nikatikisa. Tone la Nado lilibaki laini. La Mugie likashikana. La Yeyo lilikawia, nikaanza kuomba, sijui hata niliomba nini, halafu nalo likaanza kukatika pole pole, vipande vidogo vidogo.

Sikumdanganya. Nilimwambia hiki kipimo hakinielezi ni lini, kinaniambia tu kwamba mwili wake umewahi kukutana na huu ugonjwa. Wale watoto watatu siwezi kumthibitishia. Pia tutapima tena kwa njia nyingine. Yeyo alisikiza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Mama yangu hakunilaani," akasema. Aliwaambia wazee, si mimi.

Kisha akainuka, akaokota kibuyu, akaingia jikoni. Tulisikia sufuria ikiwekwa kwa jiko na maziwa yakimiminwa. Mtu wa kwanza kuinuka alikuwa Nelson, akamfuata mama yake kumsaidia kuwasha. Kuntai aliuliza kama kikao kimeisha. Mimi ndiye nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba jibu lake ndilo hili: Jumatatu naenda kazini, na akitaka kupimwa, foleni inaanza saa mbili.

Usifikiri yaliisha hapo. Jumapili kikundi cha WhatsApp kiliwaka moto, nikaitwa mchawi wa koti jeupe, nikatoka kwa kikundi, wakaniongeza, nikatoka tena. Wazee wawili hawanisalimii mpaka leo. Na mzee Parsaoti, siku hiyo yote ya Jumapili, hakuniita kwa jina lolote. Alipita mbele ya mlango wangu mara mbili bila neno. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia kwa sinki ya Kitengela, na hata hivyo maziwa sikuyanywa.

Jumatatu asubuhi, nikingoja bodaboda, nilimwona kwa zizi. Mugie na Arus walikuwa wametengwa kwa upande wao, na miiba mipya katikati. Mtamba wa Mugie, yule aliyezaliwa kabla Mugie hajatupa ndama, alikuwa amefungwa peke yake karibu na geti. Mzee alimpiga piga mgongoni, akaniambia huyu nimpime yeye kwanza, na akipatikana safi ni wangu, mahali pa mama yake. Nikafungua mkoba kutafuta sindano.

Nilikuwa nimeshainama kumshika yule mtamba wakati mzee aliniwekea mkono mbele.

"Paashe," akasema, "hizo glavu zako ziko wapi?"